Bustani ya Mwaka wa Kuhama

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu umelala juu ya vilima vya Mamboya hata mtu haoni mlango wa jirani yake, mama mkwe wangu akaniita nje kabla sijafunga kanga yangu vizuri. Nikatoka. Nikamtafuta uani, simwoni. Kumbe yuko juu ya mchungwa. Mwanamke mzima, mama wa watu, amesimama kwenye panda ya mti na panga mkononi, anakata matawi makavu na kuyaangusha chini, na wakati huo hakuna mtu mlimani kwetu aliyejua kama mwezi unaofuata tungekuwa bado tunaishi pale.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kusanya hayo matawi. Membamba chomeka kwenye uzio, manene peleka jikoni."

Kuniuliza nimeamkaje hakuniuliza.

Lazima nikueleze tulikuwa katika hali gani, maana wewe umezaliwa ukakuta nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, unadhani watu walikaa hivyo tangu enzi za Nuhu. Ulikuwa wakati wa Ujamaa. Sisi tulikaa mlimani, nyumba hapa, nyumba kule, kila ukoo na bonde lake. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amepita akatutangazia kwamba wote wa upande wetu tutashushwa kwa malori tukakae pamoja kule chini, penye shule na zahanati na maji ya bomba. Viwanja vilikwisha kupimwa, vijiti vimechomekwa. Kilichokuwa hakijulikani ni siku. Leo mtu anatoka barabarani anasema tunahama wiki ijayo. Kesho mwingine anasema hapana, baada ya vuli. Keshokutwa anatokea wa tatu, anaapa kwa kaburi la mama yake kwamba mpango wenyewe umeahirishwa. Tukawa kama abiria waliojaa pale stesheni ya Kilosa ambao hawajaambiwa treni imefika wapi: huwezi kulala, huwezi kuondoka, huwezi hata kuinjika sufuria. Walikuwako majirani waliofunga mizigo yao mapema, wakawa wanaifungua kila jioni kutafuta sahani.

Nami nilikuwa mke mchanga. Eliasi alikuwa amenioa mwaka uliotangulia, na tumboni nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Tuliishi kwa wazazi wake, na chini ya nyumba kulikuwa na bustani iliyoshuka taratibu mpaka kijitoni: michungwa kutoka enzi za wamisheni, migomba, matuta ya vitunguu na kabichi, maboga yaliyotambaa popote yalipotaka. Bustani ile ndiyo iliyotulisha miezi ya njaa, ile ya kuanzia Krismasi hadi mahindi mapya, wakati ghala linapobaki vumbi na panya.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Yona, alikuwa amesema hahami. Na kwa kuwa hahami, alimkataza kila mtu wa nyumba yake kugusa udongo wa kule chini. "Ukipiga jembe moja kule," alisema, "umekwisha kukubali." Mume wangu yeye aliamini tutahama, na kwa kuwa tutahama, alikataa kulima huku juu. "Nitunze bustani ya nyani?" ndivyo alivyokuwa akiniambia. Kila asubuhi alishuka barabarani kusikiliza habari, na kila jioni alipanda na habari mpya iliyoiua ile ya jana. Mmoja halimi chini, mwingine halimi juu. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwetu ziliumia mboga. Matuta yalipasuka kwa ukavu, kabichi zikakaa kichwa wazi kama vifaranga walionyeshewa, mbuzi wakatoboa uzio na hakuna aliyewafukuza. Mimi nilifagia uwanja, nikimaliza nafagia tena. Nikisikia gari linaunguruma mbali kule bondeni, moyo unaruka.

Ndiyo maana asubuhi ile, mikono imejaa matawi, nilishindwa kujizuia.

"Mama, huu mti tunampogolea nani?"

Akashuka. Alishuka polepole, akijishika, kisha akajifuta mikono kwenye kanga na kunitazama.

"Damari, huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa saba, mama."

"Mwezi wa saba watu wanafanya nini bustanini?"

Nikajibu kama niko darasani: wanapogoa, wanarundika samadi, wanachagua mbegu, wanaziba uzio.

"Basi umejijibu. Mwezi wa kumi tutakuwa wapi, hilo hata balozi halijui. La mwezi wa saba mimi nalijua." Akaokota panga lake. "Na huyo uliyembeba, ukimwambia angoje kwanza siku ya kuhama ijulikane, atakusikia?"

Nikainama, mwanangu, nikakusanya matawi.

Tukaanza kazi. Kipupwe kina kazi zake, na ukizipuuza, vuli inakuja kukudai. Tulipogoa michungwa yote, tukiyaacha matawi yenye uhai na kuyatoa yaliyobanana ili jua lipite katikati. Tulizoa samadi ya mbuzi, tukairundika pamoja na majani makavu na maganda, tukawa tunaimwagia maji kidogo ili ioze kabla ya mvua. Tulichagua mbegu za mchicha na maboga, tukazichanganya na majivu, tukazitia katika kibuyu na kukitundika juu ya meko, moshi uwazuie wadudu. Tulimwagilia vitunguu asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, maana upepo wa mwezi wa saba na wa nane unanyonya maji kuliko jua. Baridi ilitukata vidole. Mikono yangu ilipasuka, nikawa naipaka mafuta ya mbarika.

Lakini mama mkwe wangu alikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa mara moja. Miche mipya hakuiotesha ardhini. Alikata magome ya migomba, akayaviringisha kama vikombe na kuyafunga kwa kamba zake zilezile, akayajaza udongo na kuotesha humo nyanya na mipapai. Makopo ya mafuta aliyoombaomba kwa majirani aliyatoboa chini, nayo akayatia miche. Vyote akavipanga chini ya kibanda cha nyasi. Wakati nyumba nzima inabishana kama tunakaa au tunaondoka, yeye alikuwa anaotesha kitu kinachoweza kukaa na kinachoweza kuondoka.

Usidhani alikuwa mtu mtulivu. Mimi ndivyo nilivyodhani, nikamwonea wivu. Siku moja mchana nilimkuta amechuchumaa kwenye kitalu, anapalilia mahali ambapo hapana hata jani la magugu. Anakwaruza udongo mtupu, anarudia, anarudia. Nikamwambia, "Mama, pumzika kidogo." Akasema bila kuinua uso, "Nikikaa naona malori." Basi. Akaendelea. Hapo nikajua kwamba wasiwasi ulionipata mimi ulimpata na yeye, pengine mara mbili. Tofauti ni kwamba wake alikuwa ameupa jembe.

Kipupwe kikaelekea mwisho, jua likaanza kuwa kali, nyasi za mlimani zikawa rangi ya simba. Ni wakati wa kuchimba mashimo ya migomba. Shimo la mgomba halichimbwi siku ya kupanda. Linachimbwa mapema, likae wazi, lipigwe na jua, litiwe samadi, ndipo mvua ikute limekwisha kuiva. Mama mkwe akangoja siku ambayo mzee amekwenda msibani kijiji cha pili, akaniambia, "Chukua jembe. Twende chini."

Tukashuka. Kiwanja chetu kilikuwa kimepakana na barabara, vijiti vinne na kichaka. Tukafyeka upande wa bondeni, ambako udongo ulikuwa mweusi na laini, tukachimba mashimo kadhaa, tukarudi tumechoka kama punda.

Kijijini siri haina mlango. Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Mzee Yona alinawa mikono, akaomba dua, lakini hakumega ugali.

"Nani amekwenda kuchimba kule?"

Eliasi akanitazama. Nami nikaitazama mboga.

"Mimi," akasema mama. "Na nimemchukua mkamwana wako."

"Kwa hiyo umekwisha kuhama, Mama Eliasi."

"Mimi niko hapa, Baba Eliasi, na ugali wako ni huu. Yaliyohama ni mashimo."

Kama ingekuwa siku nyingine, mzee angecheka. Alipenda maneno ya mkewe. Siku ile aliinuka, akachukua jembe lake kwenye pembe ya nyumba, akatoka. Hakurudi mpaka jua limeinama, na aliporudi alikuwa na udongo mweusi mpaka magotini. Udongo mweusi hatukuwa nao kule mlimani.

Tuliposhuka kesho yake, Eliasi akiwa pamoja nasi, tulikuta mashimo yote yamefukiwa. Hayakufukiwa kwa hasira. Yalijazwa vizuri, yakakanyagwa, yakasawazishwa kwa mgongo wa jembe, kama mtu anavyofanya kazi anayoiheshimu. Hicho ndicho kilichonitisha.

"Leo nitamwuliza," akasema Eliasi. "Baba yangu au si baba yangu, leo nitamwuliza."

"Utamwuliza nini?" akasema mama yake. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo. Nilikuwa sijapata kumwona amekaa tangu baridi ianze. "Wewe umeshinda barabarani miezi miwili ukiuliza. Umejibiwa nini?"

Mama akakaa kidogo, mikono juu ya mapaja, anatazama vile vijiti. Kisha akainuka, akashika jembe, akaanza kufukua shimo la kwanza. Nikamfuata. Na mume wangu, baada ya kusimama kama mgeni, akavua shati, akaliweka juu ya kichaka, akashika shimo la tatu.

Hatujafika mbali, tukaona Mzee Yona anakuja na njia, jembe begani. Bila shaka alijua tutarudi. Akafika, akasimama pembeni ya kiwanja, nje ya kijiti, kana kwamba kile kijiti kilikuwa mlango na hakuna aliyemkaribisha. Tukamwamkia. Akaitikia. Tukaendelea kuchimba. Majembe tu. Mimi nilikuwa nahisi mtoto anacheza tumboni kwa hofu, ingawa najua hofu ilikuwa yangu.

Hatimaye mzee akakohoa.

"Mama Eliasi. Hapo migomba itaoza."

Mama hakuacha kuchimba. "Itaoza kwa nini?"

"Jana nilipofukia niliona. Juu ni laini, lakini ukishuka kidogo ni udongo wa kufinyangia vyungu. Mvua ikija, maji yatasimama humo kama kisimani. Mgomba hautaki kusimama majini."

"Tuchimbe wapi?"

"Kule juu, karibu na kile kichuguu."

"Nionyeshe."

"Mimi sihami," akasema mzee.

"Sijasema unahama, Baba Eliasi. Nimesema nionyeshe."

Mwanangu, nimeona mambo mengi, lakini sijaona hatua ngumu kama ile. Mzee alivuka kijiti. Akaenda mpaka kwenye kichuguu, akapiga udongo kwa kisigino, akainama akauchukua, akaufikicha, akaunusa. Kisha akatema mate mikononi, akaanza kuchimba. Mkulima anaweza kugombana na serikali, akagombana na mkewe na mwanawe, lakini shimo lililochimbwa pabaya hawezi kulitazama akanyamaza.

Tukahamia kule juu. Tukachimba sote wanne, na kwa muda nikadhani yamekwisha. Ndipo mzee akasema, taratibu, uso wake ukiwa ndani ya shimo:

"Na Roda tutamwacha na nani?"

Roda alikuwa binti yao, aliyemfuata Eliasi. Alifariki mdogo, amezikwa mlimani nyuma ya michungwa. Nilikuwa naambiwa tu jina lake; kaburi lenyewe nilikuwa nalipita kila siku nikienda kijitoni, mawe machache na ua la waridi la wamisheni. Kumbe miezi yote ile, tulipodhani mzee anabishana na balozi, alikuwa anabishana na lile swali.

Mama akaweka jembe chini. Akamsogelea, akasimama karibu naye, lakini hakumgusa, maana sisi watoto wao tulikuwapo.

"Kila kipupwe tutapanda kumfyekea," akasema. "Mimi na wewe. Miguu si bado tunayo?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuchimba.

Siku ikaja hatimaye, na haikuwa yoyote kati ya zile alizozileta Eliasi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, watu wako shambani, lori likanguruma mpaka chini ya mlima, na jioni yake tulikuwa tumekaa kwenye kiwanja chenye kibanda cha nyasi na vyombo vimetapakaa. Kulikuwa na vilio, sitakuficha. Kulikuwa na wazee walioshushwa kwa kushikwa mkono. Mzee Yona alishuka kwa miguu yake, wa mwisho, amebeba miche ya migomba begani. Hakumpa mtu mwingine aibebe.

Na si kila kitu kilikwenda vizuri. Rundo la samadi tuliloliozesha kipupwe kizima lilibaki mlimani karibu lote. Lori lilibeba watu na mahindi, samadi nani ataipakia? Vitunguu vilikuwa havijakomaa, tukaviacha. Michungwa tuliyoipogoa ilizaa sana mwaka ule, na nyani wakala, kama mume wangu alivyosema. Yapo niliyoyafanya kwa jasho mwaka ule ambayo hayakunilipa hata jani moja.

Lakini mvua ilipoanza, sisi tulikuwa na mashimo yaliyokwisha kuiva, na miche iliyokwisha kushika. Tulivichana vile vikombe vya magome tukaviingiza ardhini pamoja na mizizi, na miche haikunyauka hata kidogo. Mchicha uliota kabla hatujamaliza kukandika nyumba. Upande wa bondeni, pale tulipochimba mwanzo, maji yalisimama mpaka vyura wakahamia. Na miezi ya njaa ilipofika, ikawa njaa kweli. Watu wengi kijijini walikuwa hawajalima juu wala chini, walikuwa wakingoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwaka ule yaliumia. Tukapanga foleni ya unga wa njano, ule tuliouita yanga, nasi tukiwamo. Ila kwetu huo unga ulikuwa na mboga ya kutelemshia, majani ya maboga na nyanya, na mama mkwe aligawa mpaka nyumba ya sita. Mwanangu wa kwanza alizaliwa kipindi hicho, na maziwa yangu hayakukatika. Tulimwita Roda. Mzee ndiye aliyelitamka jina.

Nao walipanda mlimani kila kipupwe, mzee na mkewe, na fyekeo na chakula cha siku, mpaka miguu ilipowakatalia.

Sasa nisikilize, maana sikukuhadithia haya ili ulale.

Ninaishi Mikumi sasa, nyumba za kupanga zimejaa, na ninyi vijana mnakuja kuniamkia na kukaa barazani kwangu. Nawasikia. "Bibi, nikishatulia nitapanda." "Nikishapata kiwanja changu." "Nikishajua nimehamishiwa wapi." Mmekaa kwenye uwanja wenye rutuba, mpapai mmoja hamna, kwa sababu nyumba si yenu na kesho haijulikani. Mnasema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, mwanangu, lakini mbivu hutoka katika mti ambao mtu aliupanda.

Usingoje moyo utulie ndipo uanze kazi. Moyo wa mama mkwe wangu haukutulia mwaka mzima ule, na sisi tulikula. Uliza mwezi huu ni wa ngapi, uufanyie kazi yake. Ikiwa baridi, pogoa, rundika samadi, chagua mbegu ukazihifadhi pakavu. Jua likianza kuuma, chimba mashimo, maana mvua haimpi mtu nafasi ya kwenda kutafuta jembe. Kama hujui utakaa au utaondoka, otesha ndani ya kopo. Kama utamwachia nyani, mwachie. Naye ana watoto. Na ukimwona mtu wa nyumbani mwako anafukia ulichokichimba, usikimbilie kumwuliza kwa ukali. Chimba tena mahali anapokuona, mpe nafasi ya kukuonyesha, na usubiri atamke lile linalomkaba kooni. Kila mtu ana neno lake moja, na huwa halitoki mpaka mikono iwe na kazi.

Haya, nenda, jua lisikukute njiani. Mwenyezi Mungu akupe ardhi popote atakapokupeleka, na kama atakupitisha kwenye ardhi za watu, akujalie uziache nzuri kuliko ulivyozikuta. Akupe mwenza wa kuchimba naye, na wakwe watakaokukemea kwa haki. Mikono yako isikose kazi siku ambayo moyo wako unakosa pa kukaa. Amina.